Mfalme Kibogoyo Apata Mtani

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila sheria inakataza mtu kulitaja akiwa amekaa. Magoti yangu ni mabovu na siwezi kusimama na kuandika kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtanisamehe, nitaiita nchi yetu tu. Walio na nchi ya namna hiyo watanielewa. Wasio nayo wamshukuru Mungu na wanyamaze.

Mambo haya yalitokea mwaka uliotangazwa kuwa Mwaka wa Furaha. Alikuja mgeni kutoka ng'ambo, akalishwa, akazungushwa, akaonyeshwa daraja. Alipokuwa anapanda ndege kurudi kwao akamwambia Mlezi Mkuu, kwa nia njema kabisa, "Nchi yako nzuri, ila sijasikia mtu akicheka." Mlezi Mkuu ndiye kiongozi wetu. Analea watu milioni kumi na moja na hajawahi kulalamika. Maneno yale yalimchoma. Wiki haikuisha, likatoka tangazo: kila kata iandae mchezo wa kuchekesha, wenye nyimbo mwanzo hadi mwisho, na kata moja itabahatika kutembelewa na Mlezi Mkuu aje acheke mbele ya watu wake.

Kura ikapigwa. Karatasi zote arobaini zilizokuwa ndani ya kofia zilikuwa na jina la kata yetu, Kisimani, kwa kuwa kata nyingine zilikuwa zimeshampelekea mkuu wa wilaya mbuzi. Sisi tulichelewa, mbuzi wetu alikuwa anaharisha.

*

Kisimani tuna kikundi cha maigizo tangu zamani. Tunafanyia mazoezi kwenye ghala la pamba, ambalo siku hizi halina pamba, lina sisi. Kiongozi wetu ni Mwalimu Deodati, aliyefundisha muziki shule ya msingi miaka thelathini, mtu mwembamba anayepiga kodiani amefumba macho. Mimi ni mwanakwaya, sauti ya nne, na kwenye mchezo huwa nacheza mlinzi.

Mchezo tunaoujua ni mmoja tu, *Harusi ya Mfalme Kibogoyo*. Tumeucheza kila mavuno tangu kichwa changu kikiwa na nywele nyeusi. Mfalme hana hata jino moja. Kwa kuwa hawezi kutafuna, anaunda Wizara ya Kutafuna, na mawaziri wanamtafunia nyama wamwekee mdomoni, nao bila shaka wanameza nusu njiani. Mwisho anaozwa binti mwenye meno thelathini na mawili, na bibi harusi anamng'ata sikio mbele ya wageni mpaka mfalme anakimbia na taji lake, ambalo ni sufuria ya mke wa Mwalimu. Watoto hucheka hadi wajikojolee.

Mfalme alikuwa Feruzi kinyozi, rafiki yangu wa tangu utotoni. Alikuwa na tumbo, alikuwa na sauti, na alikuwa na ule uso ambao ukiutazama tu unaanza kucheka kabla hajasema kitu. Meno alikuwa nayo yote. Alikuwa akiyapaka masizi. Wimbo wake mkubwa, ule wa "Nitafunieni," ulikuwa ukiimbwa hata sokoni:

*Nitafunieni, wanangu, nitafunieni,*
*nyama yenu ni tamu mkinitafunia.*

Sasa taabu ilikuwa hii. Mchezo ulikuwa wa zamani, lakini meno ya Mlezi Mkuu yalikuwa ya juzi. Yale ya kuzaliwa yalimtoka miaka mitatu iliyopita, akaletewa mengine kutoka ng'ambo, makubwa kidogo kuliko mdomo. Nchi nzima ilijua, na nchi nzima haikujua. Hotuba za redioni zilipoanza kulia *tak, tak*, mtangazaji alieleza kuwa ni hitilafu ya mitambo, na mafundi mitambo wawili wakafungwa.

*

Afisa Furaha wa Wilaya, Bwana Kasembe, alifika na mkoba na muhuri. Aliligonga jina la mchezo muhuri kwanza, kisha akauliza unahusu nini. Ndiyo kawaida ya ofisi yake, kwa sababu kusoma kabla ya kugonga huchelewesha kazi.

Mwalimu Deodati akamweleza. Bwana Kasembe akakaa chini, juu ya gunia.

"Kibogoyo?" akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hana hata moja?"

"Hata moja."

"Mtanipeleka mimi kaburini nyie watu! Badilisheni. Mpeni meno."

"Akiwa na meno hakuna mchezo," akasema Mwalimu. "Na wewe umeshagonga muhuri."

Hilo lilikuwa kweli. Kwetu kilichogongwa muhuri hakibadiliki. Kuna daraja lililogongwa muhuri kabla ya mto kupatikana, na mpaka leo linasubiri. Bwana Kasembe alishika kichwa muda mrefu, jasho likimdondokea kwenye viatu, halafu ghafla akainuka.

"Mlezi Mkuu ni mtu wa Mlimani. Hapa kwenu kuna mtu wa Bondeni?"

Lazima niwaeleze. Watu wa Mlimani na watu wa Bondeni ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakuvua kofia barabarani, anakuita mwizi mbele ya mkweo, anakula chakula chako akikwambia mkeo hajui kupika, na wewe kukasirika ni mwiko. Msibani ndiyo usiseme. Mtani anavaa nguo za marehemu, anaigiza kikohozi chake, anaingia kaburini akalala humo na kukataa kutoka mpaka wafiwa wacheke. Nao hucheka kweli, machozi yakiwa bado usoni. Ni mila nzuri. Sheria zetu zote zimewahi kufutwa na kuandikwa upya, ila hiyo haikuguswa, kwa sababu haikuandikwa popote.

Basi mtu wa Bondeni akimwigiza Mlezi Mkuu, hiyo si kashfa, huo ni utani. Kwenye kikundi watu wa Bondeni tulikuwa wawili, Feruzi na mimi. Bwana Kasembe alitutazama sote wawili. Mimi nikamnyooshea Feruzi kidole haraka sana, nikasema, "Huyu, na ukoo wake naufahamu hadi babu wa nne."

Kikaandaliwa Cheti cha Utani Halali. Kilihitaji shahidi wa ukoo. Shahidi ni mimi, niliweka sahihi na dole gumba.

Mke wa Feruzi, Bi Sikudhani, hakupenda. Alikuja ghalani na mikono ina unga, akamwambia mumewe mbele yetu, "Mtani mwenye bunduki ni mtani wa wapi?"

"Mke wangu, mila ni mila," akacheka Feruzi. "Huyo hata akipanda hadi mbinguni, ni wa Mlimani tu, mla viwavi. Nitamtania atake asitake."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha, baba Zena."

"Basi utanikamua," akasema, na ghala zima likaangua kicheko. Bi Sikudhani hakucheka. Alinitazama mimi.

*

Wiki mbili tulifanya mazoezi, na watazamaji nao wakafanya ya kwao. Bwana Kasembe alileta bendera tatu. Ya kijani ikipanda, watu wacheke. Nyekundu, wanyamaze. Nyeupe, wapige makofi. Kila asubuhi kata nzima ilipangwa uwanjani kwa mistari, ikachekeshwa kwa bendera. Kina mama wa mstari wa nne walipewa onyo kwa kucheka na vichwa chini. Mzee mmoja aliyeshindwa kucheka kwa sababu ya kufiwa alipewa barua ya daktari, kisha daktari akapewa barua.

Siku ikafika, saa tisa alasiri, jua kali. Mlezi Mkuu akaketi mbele kwenye kiti chenye mto, walinzi kulia na kushoto. Bendera zikaenda vizuri. Wizara ya Kutafuna ikatafuna, kijani kikapanda, tukacheka. Mlezi Mkuu alikuwa amenuna, kisha akatabasamu, na Feruzi alipoingia na sufuria yake kichwani, tumbo mbele, akaanza "Nitafunieni, wanangu," Mlezi Mkuu akaangua kicheko. Kicheko cha kweli, jamani, kile cha mtu aliyesahau nafsi yake. Akacheka akapiga mapaja, na meno yakamtoka. Yakaruka, yakatua jukwaani mbele ya miguu ya Feruzi.

Kodiani ikakatika. Bwana Kasembe akawa ameshika bendera zote tatu pamoja, hajui ainue ipi.

Feruzi akainama. Akayaokota, akayapuliza vumbi, akayatia mdomoni mwake. Kisha akageukia kwaya na sauti yake yote akaimba ubeti ambao haukuwahi kuwemo:

*Shukuruni, wanangu, leo nimeota meno,*
*sasa nitatafuna mwenyewe, nipisheni!*

Watu wakacheka. Hakuna bendera iliyopanda na watu wakacheka, kata nzima, kina mama wa mstari wa nne wakiwa na vichwa juu kabisa, mpaka yule mzee aliyefiwa. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na ninavyoiona nchi yetu, sitakisikia tena. Nilimpenda Feruzi siku ile kuliko ndugu yangu wa tumbo moja.

Na Mlezi Mkuu? Alicheka naye, leso mdomoni. Waziri wa Afya akapanda jukwaani, akayaosha meno kwa maji ya chupa, akayarudisha kwa mwenyewe mbele yetu sote. Mlezi Mkuu akasimama kuhutubia.

"Mtani wangu," akasema, *tak*, "umenikamata. Ni miaka mingi hakuna mtu aliyethubutu kunitania. Nilikuwa mpweke. Leo umenikumbusha kuwa mimi nami ni mwana wa mila." Tukapiga makofi. "Lakini utani una pande mbili. Wewe umecheza upande wako. Upande wangu je? Na wazee wetu walituachia kwamba utani mkubwa ni wa msibani. Mtani wangu, una msiba lini?"

"Sina msiba, mheshimiwa mtani," akajibu Feruzi, bado anacheka.

"Utaupata. Jumamosi nina nafasi."

Bendera ya kijani ikapanda, tukacheka.

*

Siku ya pili iliundwa Kamati ya Msiba. Feruzi aliletewa barua ya serikali iliyoandikwa, "Kwa Marehemu Mtarajiwa," ikimtaka afike Jumamosi saa nne kamili, akiwa msafi, bila silaha wala magonjwa ya kuambukiza. Aliisoma kwenye kibanda chake cha kunyolea, akamsomea tena kila mteja aliyeingia, watu wakashika mbavu. Kwake ule ulikuwa mchezo wa pili, na safari hii yeye na Mlezi Mkuu wangecheza pamoja.

Mwalimu Deodati alipanga kila kitu. Kaburi lichimbwe nyuma ya ghala. Mlezi Mkuu ataingia kwanza, alale, atanie, atoke. Kisha Feruzi ataingia, ataimba, na juu yake zitawekwa mbao imara ili udongo ukae juu na yeye abaki na nafasi ya kupumua. Wageni wakishaondoka, tutamfukua tukanywe chai. Kwaya ya watu kumi na sita ilipewa machepe.

"Mbao zipo?" Bi Sikudhani alimuuliza Mwalimu.

"Zipo, mama. Nne. Za mninga."

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Feruzi kunyolewa, kwa kuwa nisingependa kusimama mbele ya Mlezi Mkuu na kichwa kama kichaka. Alikuwa ananinyoa huku anafanya mazoezi ya sauti. Alipomaliza upande wa kulia, gari la walinzi lilifika, saa nzima kabla ya wakati. Wakamwambia marehemu hacheleweshwi. Akaweka wembe mezani, akafuta mikono, akaenda nao. Nami nikawafuata kwa miguu, upande mmoja upara na upande wa pili nywele, chepe begani.

*

Mlezi Mkuu alishuka kwenye gari akiwa amevaa nguo za Feruzi. Walinzi walikuwa wamezifuata nyumbani kwake alfajiri: shati la bluu, suruali yenye kiraka, koti la kinyozi. Kichwani alivaa sufuria. Alimwigiza Feruzi anavyotembea, anavyopuliza wembe, anavyomshika mteja sikio. Siwezi kusema uongo, alifanya mazoezi. Alimpata hasa. Hata mimi nilicheka kabla ya kijani.

Halafu ikabidi aingie kaburini. Kaburi lilikuwa refu, na Mlezi Mkuu si kijana. Bwana Kasembe akatazama kushoto na kulia, akaziona mbao nne za mninga, akaamuru zitengenezwe ngazi. Zikapigwa misumari papo hapo. Mwalimu Deodati alifungua mdomo, kisha akafumba macho, kama anavyofanya akipiga kodiani.

Mlezi Mkuu akashuka kwa ngazi ile, ngazi ikatolewa ili apate nafasi, akalala chali. Mikono kifuani, macho yamefungwa, ulimi nje. Kijani kikapanda. Tukacheka. Walinzi nao walicheka, maana amri ni ya wote. Mmoja aliweka bunduki chini apate kushika tumbo. Sisi watu kumi na sita tulikuwa tumezunguka ukingo na machepe mikononi, na udongo ulikuwa umelundikwa nyuma ya visigino vyetu, mlaini, wa asubuhi ile.

Akakaa mle. Ndivyo mila inavyotaka, mtani asitoke upesi. Dakika ya kwanza ikapita.

Bi Sikudhani alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake shingoni, upande ulionyolewa.

"Shemeji," akaninong'oneza. "Udongo."

Nikajifanya sikusikia.

"Shemeji. Machepe kumi na sita. Udongo."

"Hakuna bendera, shemeji," nikamjibu.

Nililitazama chepe langu. Nikawatazama wenzangu, nikaona kila mtu anatazama chepe lake, kisha anatazama bendera. Kulikuwa na kijani, na kijani ni kucheka. Basi tulicheka. Dakika ya pili. Dakika ya tatu. Pale chini Mlezi Mkuu alifungua jicho moja, akatuzungushia jicho hilo mmoja mmoja, watu kumi na sita, na akatabasamu. Nadhani hapo ndipo alipostarehe zaidi. Ngazi ikarudishwa, akapanda, akakung'utwa vumbi. Nyeupe ikapanda, tukapiga makofi hata machepe yakaanguka.

"Zamu ya mtani wangu," akasema.

Feruzi alisogea ukingoni, akachungulia. Nadhani alitafuta mbao. Akaiona ngazi, akahesabu mbao zake, nne. Akamtazama Mwalimu Deodati, Mwalimu alikuwa bado amefumba macho. Akamtazama mkewe kwa muda. Halafu akanitazama mimi, na kile kichwa changu cha nusu, na uso wake ukafanya ule uso.

"Wewe, usiende kwa kinyozi mwingine," akaniambia. "Nikitoka nitamalizia huo upande."

Akashuka, ngazi ikatolewa, akalala. Akaanza kuimba. "Nitafunieni, wanangu, nitafunieni." Sauti ilitoka kule chini imeiva, nzuri kuliko siku zote. Bwana Kasembe akachomoa mkobani bendera ya nne, nyeusi, mpya, iliyoletwa kutoka makao makuu usiku wa jana. Akaielezea kwa kifupi kuwa ni ya udongo. Akaiinua.

Bendera ilikuwa imepanda. Nilichota.

Bi Sikudhani alipiga kelele, lakini walinzi wawili walimshika vizuri, wakamweleza kuwa huu ni utani, na mfiwa akikasirikia utani anavunja mila. Wimbo una beti nne. Feruzi aliimba mpaka katikati ya ubeti wa pili.

*

Redio ilitangaza jioni ile kuwa nchi yetu ni ya kwanza ulimwenguni ambako kiongozi huhudhuria mazishi ya mwananchi wa kawaida kabla hajafa. Bwana Kasembe alipandishwa cheo, sasa ni Afisa Furaha wa Mkoa. Mwalimu Deodati hakupiga tena kodiani. Aliiuza, akanunua mbao, na mbao hizo ziko chini ya kitanda chake. Kwenye cheti cha kifo cha Feruzi, mahali pa sababu, pameandikwa "Utani." Familia haikuweza kushtaki, kwa kuwa mtani hashtakiwi. Mila hiyo ni sisi wenyewe tuliyoitumia kumkinga Feruzi, na tukaitia sahihi.

Mimi sikwenda kwa kinyozi mwingine. Upande wa kulia nywele zimeota, upande wa kushoto zimezidi kurefuka, watoto wananiita Kichwa Mbili. Nawaacha.

Wiki iliyopita nilipata barua. Mlezi Mkuu alifurahi mno, na ameagiza mchezo wetu uwe wa kila mwaka, wa jukwaani na wa nyuma ya ghala. Mfalme Kibogoyo lazima awe mtu wa Bondeni, mwenye cheti. Kwenye kikundi amebaki mmoja. Cheti kimeshakuja, kimejazwa vizuri, na shahidi wa ukoo ameweka sahihi na dole gumba. Ni Bi Sikudhani.

Nilikwenda kwake kumuuliza kwa nini. Alikuwa uani anakanda unga. Hakuinua kichwa. Akaniambia amejiunga na kwaya, sauti ya nne, nafasi yangu ilikuwa wazi. Chepe lake lilikuwa limeegemea ukuta, amelinoa, makali yanang'aa.

"Shemeji," nikamwambia, "mwaka huu pia ataingia yeye kwanza. Atalala dakika tatu."

"Najua," akasema.

"Na bendera ya udongo haitapanda mpaka niingie mimi."

Akapangusa mikono kwenye khanga, akalishika chepe, akalipima uzito.

"Bendera mimi nitaitazama," akasema, "baadaye."